Tuache Kulinda Mdomo Peke Yake

Kila kipindupindu kinapopiga mwambao wetu, mafundisho yanakuja yale yale: chemsha maji, tia klorini, nawa mikono kabla ya kula. Ni mafundisho mema. Nami nimeyatoa, darasani na kanisani. Lakini yametuzoesha sisi watu wa Tchomia, mwambao wa Ziwa Albert upande wa Kongo, kuamini kwamba ugonjwa wa maji una njia moja tu ya kuingia mwilini, nayo ni mdomo. Mama anamchemshia mtoto maji ya kunywa, anayapoza, anayafunika vizuri. Kisha saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtoto huyo huyo anavua nguo na kurukia ziwani kando ya mitumbwi, na humo anakaa mpaka ncha za vidole zinakunjamana. Hajameza hata tone, kwa hiyo mama hana wasiwasi. Wasiwasi huo ninao mimi, na ndio umenifanya nishike kalamu, kwa sababu Ziwa Albert lina ugonjwa ambao hauna haja na mdomo. Unaingia kwa ngozi. Jina lake ni bilharzia, au kichocho, na huku kwetu ni kile cha tumbo na ini.

Ninafundisha biolojia sekondari, upande wa Bio-Chimie. Somo la ngozi, nywele na kucha lipo kwenye programu, na wanafunzi wangu wanalichora vizuri mno: tabaka la juu, tabaka la kati, mafuta chini yake, unywele ukiwa umesimama kwenye kifuko chake, tezi ya jasho imejiviringa, mishipa ya damu kwa bic nyekundu. Wanalikariri kwa ajili ya mtihani wa Serikali. Ukiwauliza kazi za ngozi, wanajibu bila kusita: kulinda mwili, kuupoza, kuhisi joto na maumivu, kutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua. Yote sahihi. Ukiwauliza ngozi zao wenyewe zilikutana na nini jana kule ziwani, darasa linanyamaza. Siwalaumu. Ngozi ya kwenye kitabu haina kwao; haijawahi kuvuta wavu wala kutia samaki chumvi.

Kwa hiyo ninaanzia mikononi mwao. Nawaambia wafungue viganja na wavilinganishe na ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Tabaka la juu la ngozi, sehemu nyingi za mwili, lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Viganjani na nyayoni linafika milimita nzima na kupita. Kijana anayevua usiku pamoja na baba yake ana sugu chini ya kila kidole, kwa sababu ngozi inaposuguliwa kila siku inajiongezea seli na kuwa nene zaidi mahali hapo hapo. Binti wa mama anayekausha samaki ana mikono ya namna nyingine. Mama yangu alipasua samaki wa kapiteni na kuwatia chumvi miaka yote ya utoto wetu, ili wapande Bunia wakauzwe sokoni, na nakumbuka viganja vyake: vimekauka, vimepasuka kwenye mikunjo, na miba ya mapezi imeacha alama kila upande. Chumvi inanyonya maji ya ngozi na mafuta yake yanaondoka. Ngozi iliyopasuka ni ngozi iliyo wazi kwa vijidudu, na mama huyo huyo kila jioni anashuka kuoshea mabeseni ziwani, maji yakimfika magotini.

Kutoka viganjani tunageuza mikono na kuangalia kucha. Kucha na nywele ni keratini, protini ile ile inayokaza tabaka la juu la ngozi, na sehemu tunayoiona imekwisha kufa. Ndiyo maana tunaikata bila maumivu. Ukucha wa mkono unakua karibu milimita 3 kwa mwezi, unywele wa kichwani karibu sentimita 1. Ukucha wenyewe hauna rangi, unapitisha rangi ya damu iliyo chini yake. Ninawaonyesha wanafunzi namna ya kubonyeza ukucha, kuachilia na kutazama wekundu ukirudi. Kila mwaka wapo ambao chini ya kucha zao ni peupe kuliko wenzao, na hao ndio wanaochoka wakipanda kilima kidogo tu. Damu yao ni pungufu. Malaria inaweza kufanya hivyo, njaa pia, minyoo ya tumbo pia, na bilharzia imo katika orodha hiyo. Katika kambi za waliokimbia vita tumeona watoto wadogo ambao nywele zao zimegeuka nyepesi na nyekundu-nyekundu kwa kukosa chakula chenye protini. Nywele na kucha haziongopi kuhusu mwili, ingawa hazitaji jina la ugonjwa. Kwa hilo inahitajika darubini.

Sasa nirudi kwenye ngozi, kwa kuwa hapo ndipo mambo yetu yanapoharibikia.

Juu kabisa ya ngozi kuna seli bapa zilizokufa, zimejaa keratini na zimepandana kama magamba ya samaki, na katikati yake kuna mafuta yanayoziba kila upenyo. Seli mpya zinazaliwa chini, zinasukumwa juu, zinakauka, zinakufa na kubanduka. Safari hiyo inachukua karibu wiki nne, kisha inaanza tena, maisha yetu yote. Uso wa ngozi una uchachu kidogo, na bakteria wengi hawaupendi. Chini ya hapo kuna seli za ulinzi zinazokamata kitu kigeni na kupeleka habari kwa mwili mzima. Ngozi yote ya mtu mzima ikitandazwa inafika karibu mita mraba 2. Ni kinga kubwa. Virusi wengi, bakteria wengi na uchafu wote wa bandarini vinaishia nje, mradi hakuna mchubuko.

Kiluwiluwi wa mnyoo wa bilharzia hahitaji mchubuko. Hafiki milimita 1 na ana mkia uliopasuka ncha mbili. Anatoka kwenye konokono wadogo wa maji baridi wanaokaa kwenye majani ya pwani, na anatoka zaidi mchana, jua likiwa kali, saa zile zile ambazo watoto wanaogelea na mama zao wanafua. Konokono mmoja anaweza kutoa mamia kwa siku, hata maelfu. Kinachomwita ni joto la mwili na mafuta ya ngozi. Hapa huwa nasimama kidogo nikifundisha, maana ni jambo zito: mafuta yale yale yanayoziba ngozi yetu isipenywe ndiyo yanayomwambia mnyoo kwamba amefika. Anajibandika, anatoa majimaji yanayoyeyusha njia kati ya seli, anakata mkia wake na kuuacha nje, anaingia. Dakika chache zinatosha. Pengine mtu anapata vipele vidogo vinavyowasha, kisha vinaisha na anasahau. Mara nyingi haoni wala kuhisi chochote.

Anakaa ndani ya ngozi siku moja, mbili, tatu, halafu anapata mshipa mdogo wa damu, anasafirishwa mpaka mapafuni na baadaye kwenye ini. Huko anakomaa na kuwa na urefu wa kama sentimita 1, dume na jike wanashikana, na wanahamia pamoja kwenye mishipa ya utumbo. Jike anataga mamia ya mayai kila siku. Wanaweza kuishi ndani yetu miaka 3, miaka 10, na wamewahi kukutwa kwa watu waliohama maeneo ya ugonjwa zaidi ya miaka 30 kabla. Sehemu ya mayai inatoka na choo, na ikifika majini inaangua na kutafuta konokono. Mayai mengine yanabaki. Damu inayabeba mpaka kwenye ini, yananasa humo, na mwili unayazungushia makovu. Kovu juu ya kovu, mwaka hadi mwaka. Mwisho damu inayotoka utumboni haipati njia ya kupita kwenye ini. Inarudi nyuma, wengu unavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatanuka mpaka siku moja inapasuka.

Ndivyo alivyokufa mjomba wangu. Alikuwa mvuvi tangu akiwa kijana mdogo. Tumbo lake lilikuwa kubwa na miguu yake myembamba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka sana hakuna aliyedhani anaumwa. Usiku mmoja alitapika damu, beseni zima, nyeusi na yenye mabonge. Kabla ya asubuhi alikuwa amekwisha. Matangani watu walisema amelishwa sumu. Wakataja nyumba, wakamtaja jirani ambaye alikuwa amekula naye siku mbili kabla. Jirani huyo alikuwa mtu wa kabila lingine, na msomaji wa Ituri hahitaji kuelezwa maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi katika teritori yetu ya Djugu. Mzee mmoja wa familia aliyatuliza, Mungu ambariki. Lakini jirani alihama, na uhusiano wa nyumba mbili ulikufa pamoja na mjomba.

Nilipokuja kusoma juu ya ini lenye makovu na mishipa inayopasuka, nilitambua kila kitu: tumbo, wengu, damu nyeusi. Mjomba hakulishwa sumu na mtu. Aliingiwa kwa ngozi, maelfu ya mara, kila alipoteremka kusukuma mtumbwi. Na ninaamini kabisa kwamba hakuwa peke yake. Ni wangapi kati ya wanaume wa mwambao huu ambao tumewazika huku tukinong'ona jina la jirani, kumbe tungesema jina la mnyoo?

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, vijiji vya wavuvi vya Buliisa vimejulikana miaka mingi kuwa kati ya mahali penye bilharzia nzito kabisa, na Serikali yao ilianza kugawa dawa kwa wingi mwaka 2003. Maji ni yale yale. Konokono hawana mpaka, na sisi tunavuka. Mwaka 2018 pekee maelfu kwa maelfu ya watu wetu walivuka kwa mitumbwi kwenda Hoima wakikimbia mapanga. Upande huu pia uchunguzi umefanyika, na watafiti walioko Ituri yenyewe wamekwisha kuandika kwamba maambukizi katika vijiji vyetu ni makubwa, na maini yaliyoharibika ni mengi. Kwa hiyo tatizo limekwisha kuonekana. Kilichobaki ni kulichukulia hatua.

Wazo hili kwamba ugonjwa wa maji lazima unywewe si letu peke yetu. Japani walikuwa na bilharzia ya aina yao katika mashamba ya mpunga, na wakulima walikufa na matumbo yaliyojaa maji kama mjomba wangu. Madaktari wengi waliamini inatoka kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1909, huko Katayama, mtafiti Fujinami Akira na mwenzake Nakamura walichukua ng'ombe na kuwapeleka kwenye maji yenye ugonjwa. Baadhi waliwafunga midomo wasinywe wala kula chochote cha pale, miguu ikabaki wazi majini. Wengine waliachwa wanywe, ila miguu yao ilikingwa isiguse maji. Walioumwa ni wale waliofungwa midomo. Nikiwasimulia wanafunzi habari hii hawahitaji maelezo zaidi. Wajapani baadaye walimtambua konokono, wakajenga mifereji ya mashamba kwa saruji ili akose mahali pa kuishi, wakatibu watu, wakabadili namna ya kutumia kinyesi shambani. Mwaka 1996 mkoa wa Yamanashi, uliokuwa umeteseka sana, ulitangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Kazi ilikula karibu karne nzima, lakini ilikwisha.

Sisi tunawaambia watu nini? Tunawaambia: usioge ziwani. Naomba anayesema hivyo ashuke kutoka Bunia, kwenye hewa ya baridi ya juu kule, akae nasi wiki moja ya kiangazi. Ziwa liko chini, karibu mita 620 tu juu ya bahari, na joto la hapa linakaa juu ya mtu mpaka usiku. Ngozi ina tezi za jasho milioni 2 hadi 4, na kazi yake kubwa katika mahali kama hapa ni kutupoza. Mvuvi aliyerudi alfajiri ana jasho, chumvi na magamba ya samaki mpaka kwenye nywele. Mama aliyeshinda kutwa kwenye moshi wa kukausha samaki ana masizi kwenye kila kinyweleo. Ngozi yao inadai maji, na inadai kwa haki. Maji yaliyo karibu, mengi na ya bure ni ya ziwa, kwa maana wengi wetu bado tunachota humo. Kumkataza mtu kuoga bila kumpa mahali pengine pa kuogea ni kumpa hatia juu ya ugonjwa. Na mvuvi hata asipooga ataingia majini tu. Hakuna mtumbwi unaosukumwa na mtu aliyesimama nchi kavu.

Jambo moja lingeweza kuanza kesho, nalo ni la bei ndogo. Kiluwiluwi akikosa mtu wa kumwingia anakufa mwenyewe ndani ya siku mbili. Maji ya ziwa yakitiwa kwenye pipa safi, yakichujwa yasiwe na konokono, yakifunikwa na kuachwa kwa saa 48, hayana tena bilharzia kwa ngozi ya anayeoga. Kunywa ni habari nyingine. Ya kunywa bado yachemshwe. Familia yenye mapipa mawili inaweza kuoga kwa zamu, leo pipa hili, lile likiwa linapumzika. Nimewaambia hivyo kina mama wa upande wetu, na wengine wameanza. Lakini pipa ni ghali kwa mwenye watoto saba na kibanda cha turubai. Wale wanaotuletea ndoo za kipindupindu, na ninawashukuru kwa ndoo hizo, wangeleta na mapipa ya kuogea, wakayaweka bandarini penyewe, na ukuta mfupi wa kujisitiri, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Pembeni pawe na vyoo. Hili la vyoo nalisema bila aibu: yai la bilharzia linatoka kwetu. Bandari yenye mamia ya watu kutwa na vyoo vya kuhesabu inamlisha konokono kila siku.

Halafu kuna dawa. Praziquantel ni vidonge vya kumeza, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600, siku moja tu, na minyoo mingi iliyokomaa inakufa. Haiwezi kuua wachanga walioingia wiki chache zilizopita, na haimkingi mtu asiingiwe tena kesho yake, ndiyo maana lazima irudiwe. Kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa vidonge hivi bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Kwa muda mrefu mpango huo uliwatazama zaidi watoto wa umri wa shule. Wanapangwa mstari, wanapimwa urefu kwa kijiti chenye alama, kila mmoja anapewa idadi yake. Nimekwisha kuona jinsi watoto wanavyopata nguvu baada ya hapo, na nasimama upande wa kijiti kile siku zote.

Ila fikiria nani amebaki nje ya mstari. Mvuvi wa miaka 30 hayumo. Mama wa mabeseni hayumo. Kijana aliyeacha shule darasa la nne ili avute nyavu hayumo, naye ndiye anayeshinda majini kuliko wote. Mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa pwani na dada yake hayumo. Tunawatibu wanafunzi halafu tunawarudisha kwenye maji yale yale, ambamo baba zao wanaendelea kuyapeleka mayai. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mahali ambapo angalau mtu mmoja kati ya kumi ana ugonjwa, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia miaka miwili, wakubwa kwa wadogo. Watoto wadogo sana, ambao vidonge vikubwa na vichungu vinawakaba, wametengenezewa kidonge chao kinachoyeyuka kwenye maji, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikipa kibali cha kisayansi mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo sheria ya kitaalamu iko upande wetu. Mwambao huu umepita kipimo hicho kwa mbali. Ninachoomba kwa eneo la afya la Tchomia na kwa wakubwa wake walioko Bunia na Kinshasa ni hicho kilichoandikwa 2022, kitekelezwe hapa, kwa watu wazima wa hapa.

Nitaambiwa wavuvi hawatakubali. Nitaambiwa watu wa ziwa ni wakaidi, hawasikii mambo ya ngozi wala ya vijidudu visivyoonekana. Jibu langu ni Septemba 2018. Ebola ilifika Tchomia mwezi huo, kupitia mwanamke aliyekuwa ametoka Beni, ambaye alifariki hapa. Ndani ya siku chache mji mzima ulikuwa umejifunza kwamba virusi hivyo vinakwenda kwa mguso: damu, matapishi, jasho la mgonjwa, ngozi yenye mchubuko. Tuliacha kupeana mikono, sisi ambao salamu bila mkono ni kama matusi. Tulinawa kila mlangoni. Tuliambiwa tusioshe maiti wetu, na ingawa hakuna jambo gumu zaidi ya hilo, tulifundishana. Ziwa zima, pamoja na Uganda ng'ambo, lilikuwa hatarini, na Ebola haikukita mizizi hapa. Watu waliojifunza hayo kwa wiki chache, katika hofu na katika vita, wanaweza kujifunza kwamba saa sita mchana pwani ni saa mbaya, na kwamba pipa lililolala siku mbili ni salama. Tofauti ni kwamba mwaka ule magari yalikuja, wataalamu wakaja, redio zikasema kutwa kucha. Ebola inaua kwa siku kumi na dunia inasikia. Bilharzia inaua kwa miaka ishirini, mtu mmoja mmoja, usiku, nyumbani kwake, na watu wanasema ni sumu.

Basi naiambia kamati ya wavuvi na daktari wetu jambo la kuanzia, kabla ya mradi wowote mkubwa. Siku ya kugawa praziquantel ikifika tena, meza ya pili isiwekwe shuleni. Iwekwe bandarini, saa mitumbwi inaporudi, kabla samaki hawajapimwa na watu hawajatawanyika. Kijiti cha urefu kilichotengenezwa kwa watoto hakitoshi, pawe na mizani. Wahudumu wajue lugha za pale: Kiswahili, Kihema, Kilendu, Kialur. Na pawe na sufuria kubwa ya uji, kwa sababu dawa hii ikimezwa na tumbo tupu inaleta kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu aliyevua usiku kucha anafika nchi kavu na njaa. Uji kwanza, vidonge baadaye. Kina mama wa samaki wako tayari kuupika, nimekwisha kuwauliza.